Vidole Viwili

Hakuna aliyelitaka.
Baada ya mazishi, Shangazi Bronka alilizungusha mezani
kama sahani ya viazi vilivyopoa:
chukua wewe, Zdzisiek. Chukua wewe, Oliwka.
Kila mkono uligusa bega lake, ukaonja uzito,
ukarudi mfukoni kwa mwenyewe.
Koti la Babu Hieronim,
kijivu kama theluji ya Machi kando ya reli za tramu,
refu hadi vifundoni, lenye harufu ya tumbaku na nafthalini.
Likaishia kwangu
kwa kuwa nilikuja na begi tupu.

Hapa Łódź ninaishi ghorofa ya nne,
nyuma ya kiwanda cha pamba kilichogeuzwa kuwa maduka.
Nililitundika mlangoni.
Usiku lilisimama pale kama mtu aliyekuja kudai kodi.

Kikulacho ki nguoni mwako;
na hapa kilikula kweli. Nondo.
Matundu saba kwenye mkono wa kushoto,
nilipoliinua dirishani yakapenya nuru
kama nyota za bei rahisi.

Sikuogopa. Nilikuwa na mpango:
kulifumua lote, kukigeuza kitambaa ndani nje,
maana sufu huzeeka usoni,
mgongo wake hubaki kijana.
Jaketi nilishalishona kichwani,
fupi, la kiunoni, kola ya kusimama,
vifungo vitatu vikubwa kama biskuti.

Jumamosi nzima, wembe na uzi, wembe na uzi.
Bitana iliachia kwa sauti ya chungwa linalomenywa.
Mfukoni: tiketi ya tramu, maganda ya alizeti,
kipande cha penseli kilichotafunwa.
Kisha nikageuza kipande cha mgongo
na nikakaa chini.

Ndani kulichakaa kuliko nje.
Kumepauka, kumelainika penye viwiko,
na kwenye ukingo wa kulia, matundu ya vifungo
yaliyozibwa kwa mshono mdogo mno,
kidole kiliuona kabla ya jicho.

Kumbe nimetanguliwa.

Nikampigia shangazi.
Kimya; kijiko kikagonga kikombe.
“Ni mama,” akasema. “Mwaka niliozaliwa mimi.
Sufu ilikuwa haipatikani hata kwa kubembeleza.
Alikigeuza usiku, kwa mkono, baba akiwa zamu.
Asubuhi baba akavaa, akajitazama, akauliza:
jipya hili, umelipa kwa pesa gani?
Mama hakumwambia kitu. Alimwachia furaha yake.”
“Lakini mfuko wa kifuani ulihamia kulia!”
“Mwanaume gani,” akasema Bronka,
“hutazama mfuko usio na pesa?”

Nikarudi kwenye meza yangu ya vipande.
Upande wa tatu, nguo haina.

Ila ndani ya mishono,
pale kitambaa kilipojikunja, upana wa vidole viwili,
na ndani ya pindo, upana wa vinne,
sufu haikuwahi kuliona jua, la zamani wala la sasa.
Nikainyoosha kwa pasi ya mvuke.
Kijani.
Kijani cha msonobari uliolowa.
Koti tulilolijua kijivu miaka yote
lilianza maisha likiwa kijani,
na Babu alilivaa barabarani, kijana, na watu wakageuka.

Basi nikakata mwili kwenye kijivu,
nikaruka matundu ya nondo kama mtu anayeruka madimbwi.
Kijani nikakipeleka kolani na mikononi, ukingoni.
Cherehani ililalamika penye unene, nikamalizia kwa subana.
Matundu yaliyozibwa nimeyaacha yaonekane.
Mfuko nao umebaki kulia. Naweka humo tiketi.

Wiki iliyopita nilikutana na Oliwka kituoni.
Akanishika bega, akapapasa ile kola.
“Umelinunua wapi? Siku ukilichoka, nipe mimi.”
Nikamwambia ni lipi.
Akacheka, kisha hakucheka.

Ngoja, Oliwka.
Ndani ya kila mshono nimeacha vidole viwili.
Lakini ngoja kwanza nilichakaze.