Mkasi wa Ukoo

Tukuyu imejifunika ukungu tangu Jumanne
na dada yangu Subilaga ametuliwa na kipepeo:
mbawa mbili nyekundu, moja kila shavu,
kiwiliwili juu ya daraja la pua.
Daktari wa Mbeya ana jina lake refu.
Sisi nyumbani tunasema tu, "Leo katua."

Akitua, vidole vya dada huvimba,
kifuniko cha chupa ya maziwa humshinda.
Basi mimi ndiye ninayechuma mforsadi
kule nyuma ya choo cha zamani,
majani yanadondosha maji mpaka kwapani,
nawapelekea viwavi wake wa hariri
wanaotafuna kama mvua ya Aprili juu ya bati.

Chuoni sikuwa hodari. Nilikuwa na swali.
Mwalimu Ndimyake alichora yai la nondo ubaoni.
Humu, alisema, mama ameacha akiba,
homoni ya kukuzia mtoto,
lakini kaifunga kwa fundo la fosfeti
kama mchuma chai afungavyo malipo
kwenye pindo la kitenge.
Iliyofungwa hainunui kitu.
Yai linalala.
Mpaka kitokee kimeng'enya, kikate fundo,
ndipo punje ile nyeusi ianze kujitafutia macho.

Chaki ikamvunjikia. Akaokota kipande.
"Huyu ana binamu kwetu," akasema,
"ndani ya askari wa damu."
Askari wakivimba kwa hasira
binamu hukata fosfeti zilizowawasha
na silaha zinashuka.
Kule akikata, anaamsha.
Huku akikata, analaza.
Mkasi mmoja, ukoo mmoja,
nyumba mbili zisizojuana.

Na ukimpa huyu wa kwetu lile fundo la yai
analikata pia, polepole, kwa kusitasita,
kama mtoto wa shangazi aliyekulia Dar
akijikaza kutamka "ugonile",
salamu yetu inayouliza: umelala?

Nilimsimulia dada jioni ileile.
Alikuwa anabadilisha gazeti la chini ya viwavi,
la mwaka juzi, lenye matokeo ya kidato cha nne,
majina ya watu yakiwa yamejaa vinyesi vidogo vyeusi.
Akacheka mpaka akashika goti.
"Kwa hiyo mdudu huyu ni shemeji."
Kisha, bila kucheka:
"Na wangu yuko wapi, huyo mlazaji?
Kafukuzwa? Kalewa? Mkasi umeota kutu?"

Sikuwa na jibu. Sijui hata
kama kosa ni lake au la jirani yake,
damu ina vyumba vingi na mimi nimeona sebule tu.
Nikamsogezea vidonge vyake na uji wa ulezi.

Usiku viwavi viliacha kula.
Bati likanyamaza.
Viliinua vichwa, vikatulia hivyo hivyo,
kila kimoja kikingoja ngozi ipasuke.
Dada alikaa navyo na tochi ya simu,
kidole kibovu kikihesabu trei:
arobaini, arobaini na moja.

Alfajiri nilimkuta palepale.
Ukungu umeingia mpaka jikoni.
Ngozi tupu zimetapakaa kwenye gazeti
kama soksi za watoto wa shule.
"Ugonile?"
"Hawa wamelala," akasema. "Mimi, kidogo.
Lete majani. Wameamka na njaa."