Vyombo Vingapi kwa Siku?

Nilishuka Mwanjelwa na futikamba mfukoni.
Nimepima nafasi kati ya sinki na kabati la unga:
sentimita sitini kasoro kidole.
Julai, Loleza imejifunika ukungu hadi kidevuni,
na nyumbani Subilaga anafungua bomba
kama mtu anayefungua barua ya deni.
Baridi yabisi imemkalia vidoleni.
Daktari alisema, maji ya baridi sasa basi.
Alinitazama mimi aliposema.

Dukani kwa Tweve mashine zimesimama safu,
nyeupe, za rangi ya fedha,
moja nyeusi kama kiatu cha bwana harusi.
Akazifungua matumbo moja baada ya nyingine.
Hii ya watu kumi na wanne, mzee.
Hii inakausha yenyewe.
Hii haingurumi, utamsikia mbu kabla yake.
Hii haili sana uniti za Luku.
Nikatikisa kichwa kama mnunuzi wa ng'ombe,
nikagonga ubavu, nikachungulia meno.
Kisha akauliza, kwa heshima zote:
"Vyombo vingapi kwa siku?"

Mimi, niliyehesabu mabehewa Iyunga miaka thelathini na moja,
shaba ikishuka, mbolea ikipanda,
nikakosa jibu.
"Vya kawaida," nikasema.
Tweve akaandika: kawaida.
Akanitazama. Akalikata.

Basi Jumatatu nikavuta beseni.
Subilaga akauliza nani amefariki.
Daftari juu ya kabati, kalamu sikioni,
mikono majini.
Ewe Mungu, maji ya Mbeya alfajiri!
Yanauma hadi unasahau jina lako.

Asubuhi: vikombe vinne, birika,
chujio lenye majani ya Rungwe yasiyotaka kutoka.
Mchana: sahani sita, maana Gwamaka haji kamwe peke yake,
bakuli la maharage, bakuli la mgando,
mwiko, vijiko, sufuria ya ugali.
Usiku nilidhani vimekwisha.
Vikombe viwili vilikuwa chini ya kitanda, upande wangu.
Jumla arobaini na tatu.
Jumanne arobaini na moja.
Jumatano walikuja wanakwaya,
saa nne usiku nikaacha kuhesabu.

Halafu nikaanza hesabu nyingine, ambayo sikutumwa:
arobaini, mara siku za mwaka,
mara miaka thelathini na minane ya ndoa.
Kalamu ikasimama.
Jibu sikuliandika.

Ijumaa nilirudi dukani,
kidole gumba kimepasuka, mgongo unadai.
"Arobaini na tatu," nikasema, "Pasaka zidisha mara mbili.
Hiyo ya watu kumi na wanne itanifukuzia kabati.
Nyeusi sitaki.
Nipe ile nyembamba, ya watu tisa,
ichemshe maji yake yenyewe,
na umeme ukikatika katikati
ikumbuke ilipofikia,
isianze upya kama mlevi anayesimulia."
Tweve akacheka, akavuta kiti.
"Kaa, mzee. Sasa tuzungumze bei."

Imesimama pale karibu na dirisha,
imevikwa kitambaa cha kufuma, kama redio na televisheni.
Subilaga huipanga kama mwalimu wa zamu:
warefu nyuma, wadogo mbele, hakuna kuegemeana.
Vikombe vya harusi, vyenye ukingo wa dhahabu, havimo.
Hivyo huviosha mwenyewe, kwa maji ya uvuguvugu,
na haniruhusu hata kuvifuta.

Na sufuria ya ugali?
Tweve alikuwa mkweli, nampa haki yake:
"Ukoko, mzee, mashine hii haiuwezi."
Ukoko ni wangu.
Nauloweka usiku, alfajiri naukwangua
huku simtanki likijaa kwa kikohozi nje ya ukuta,
naye amekaa kwenye kigoda, shuka mabegani,
vidole vimekizunguka kikombe cha chai,
anasikiliza chuma kikikwaruza chuma.
"Hapo pembeni," anasema.
"Hapana. Pembeni."