Utatua Wapi?

Saa ya arobaini na moja katika daftari langu.
Saskatchewan, Oktoba, ngano imeshavunwa,
nchi imelala kama kitambaa cha miraba
kilichopigwa pasi na mtu asiyevumilia mkunjo.

Bwana Desjarlais, mwalimu wangu, haongei sana.
Ananuka kahawa na mafuta ya ndege.
Akikohoa, najua nimesahau kitu.
Leo hakukohoa. Alinyoosha mkono tu
akakirudisha nyuma kishikio cha kasi, taratibu,
kama mtu anayemfunika mtoto blanketi.

"Injini imekufa, Darka. Utatua wapi?"

Kumbe ukimya una uzito.
Upepo tu kwenye mabawa, na moyo
unaotwanga kinu kitupu.
Mikono ilifanya ilichofunzwa kabla kichwa hakijafika:
pua chini kidogo, mafundo sitini na tano,
tangi, swichi, mkanda.

"Wapi?"

Barabara ya changarawe ina nguzo za umeme.
Ziwa la chumvi linang'aa, linadanganya.
"Pale. Shamba la mabua, mashariki ya ghala jekundu."
"Lina mtaro."
"Uko theluthi ya mwisho. Nitasimama kabla yake."
"Umeuonaje kutoka huku?"

Sikuuona. Niliuchimba,
mimi na baba na kaka yangu Ostap, mwaka wa mafuriko,
koleo tatu, mbu wasiohesabika.
Lilikuwa shamba letu hadi Machi.
Baba alilipiga bei bila kupiga kelele,
akaja mezani na hundi ndani ya bahasha ya mbegu,
akasema: ardhi haiendi popote, nenda wewe.

Futi mia tano. Sasa naona alama za matairi
ya trekta ya mtu mwingine.
Bwana Desjarlais anasukuma kishikio, injini inanguruma,
tunapanda, ghala linarudi kuwa kiberiti.
"Sawa," anasema. Kwake hiyo ni hotuba.

Jioni naandika: saa moja nukta tatu,
mazoezi ya kutua kwa dharura, hewa shwari.
Safu ya maelezo ni nyembamba.
Zimebaki saa mia moja hamsini na kitu kabla ya leseni,
halafu benki, halafu, Mungu akipenda,
kiti cha mkono wa kulia
katika ndege ya abiria waliosinzia,
wasiojua kwamba kule mbele yupo mtu
anayetazama kila konde linalopita chini
na kujiuliza ni la nani,
na mtaro wake uko wapi.