Aliyebaki na Mabegi

Julai, Kiboriloni, baridi ya kung'ata masikio.
Baba kajifunga blanketi juu ya koti
aliloachiwa na Mjerumani mwaka wa tisini na moja.
Zipu ilishakufa. Mfukoni bado imo tiketi ya treni
ya mji asioujua.

Kwenye runinga wazee wa Kizungu
wanakumbuka mwezini.
Wamekalishwa mmoja mmoja mbele ya pazia jeusi,
shingo zimelegea, mashati yamepigwa pasi.
Sentensi wanaianza kwa kicheko,
wanaimaliza wakitazama viatu vyao.

Mimi natafsiri.
Niko nyuma yao sentensi moja siku zote,
kama sauti zao zilivyochelewa
kutoka kule kuja nyumbani.
"Anasema vumbi lilikuwa laini kama unga.
Anasema liliingia hata kwenye kucha.
Anasema lilinuka baruti."

"La kwetu halinuki baruti," anasema Baba.
"Linanuka jiko lililozimwa jana."
Analisema lile jangwa kati ya Mawenzi na Kibo,
pale Mungu alipochoka kuumba
akaenda kunywa mbege.
Miaka ishirini na sita alilikata
na kilo ishirini za watu wengine kichwani:
mahema, mayai, viti vya kukunja,
safari moja gitaa,
safari moja majivu ya mume wa mtu
ndani ya kopo la kahawa.

"Wawili walishuka," namwambia, "mmoja akabaki."
"Yupi?"
"Huyu mwenye kifaa sikioni. Alikuwa akizunguka juu
wenzake wakitembea chini.
Kila akipita upande wa nyuma, redio inakufa."
"Rudisha hapo."

Narudisha.
Yule mzee anasema tena
kwamba hakuona upweke. Hata kidogo.
"Mwongo," anasema Baba, taratibu,
kama anayemsalimia jirani.

Shuleni niliwaambia wenzangu
baba yangu amepanda Kilimanjaro mara mia na nne.
Sikusema uongo. Sikujua tu
kwamba mlima una mahali
mpagazi anaambiwa: wewe ishia hapa.
Kibanda cha Kibo. Saa sita usiku
wageni wanaondoka na kiongozi wao, taa kwenye paji la uso,
yeye anabaki na mabegi.

"Nilikuwa nazihesabu zile taa,"
anasema sasa, na hasemi na mimi,
anasema na yule wa kwenye kioo.
"Kumi na moja, zinapanda. Zikinipotea nyuma ya mawe
naanza upya.
Moja ikigeuka kabla ya wenzake
najua kuna aliyeshindwa, anashuka akitapika, analia.
Nawasha jiko.
Wewe ulikuwa unahesabu nini?"

Mzee anafuta miwani. Ananyamaza
muda mrefu kuliko runinga inavyopenda.

Halafu chombo kinageuzwa kurudi,
dunia imekaa dirishani, chungwa la buluu,
na hapo hapo
LUKU inalia, yuniti zimekwisha,
sebule nzima inaingia
upande wa nyuma wa mwezi.

Najaribu kununua kwa simu. Mtandao haushiki.
Tunakaa.
Mbwa wa kina Kisamo anabweka mara mbili, anaghairi.

Kisha nasikia blanketi likiburuzwa sakafuni,
kiberiti, kiberiti tena,
na mlio wa sufuria
ninayoijua hata gizani,
ile kubwa, ya watu kumi na wawili,
iliyobonyea ubavu pale Horombo.

"Baba, tuko wawili tu."

Moto wa gesi unamwangaza kidevu.
"Hawa tumewaacha njiani," anasema,
anaongeza maji.
"Wakifika watakuwa na baridi."