Kitanda Namba Saba

Saa tano na robo usiku Khasoa alinipigia kutoka Mbale,
wodi ya wazazi, baridi ya Vihiga ikisikika hata kwenye simu.
"Nabofya," akasema. "Kinageuka chekundu,
kinanikonyeza kama mtu aliyenielewa,
na ofisini hakilii kitu. Haji mtu.
Kitanda namba saba nimemkimbilia daktari kwa miguu."

Mimi niko Migosi, chumba cha juu ya duka la misumari,
miguu ndani ya beseni la maji kwa ajili ya joto.
Nikaufungua msimbo wangu mwenyewe kama anayefungua barua ya deni.

Mpangilio ni huu:
kitufe kimo ndani ya kitanda,
kitanda ndani ya wodi,
wodi ndani ya ukurasa wa zamu,
na kengele iko huko juu, peke yake.
Sufuria za Kibuye huuzwa hivyo,
ndogo tumboni mwa kubwa, na kubwa tumboni mwa kubwa zaidi.

Mzazi humteremshia mtoto: jina la mgonjwa, saa, rangi.
Mtoto haruhusiwi kutia mkono mfukoni mwa mzazi.
Akiwa na haja hupaza tukio,
na tukio halina mbawa;
hupanda mlango kwa mlango, likipiga hodi,
mpaka limpate mwenye kulisubiri.

Nikaweka walinzi kila mlango.
Kitufe: nimesikia.
Kitanda: nimesikia.
Wodi: nimesikia.
Ukurasa
 
Mstari wa mia na arobaini na mbili, ndani ya wodi:
*zuia, lisipande.*
Nani huyu? Pembeni pana jina na tarehe.
Ni mimi. Februari.
Wauguzi walilalamika kwamba kila wakigusa kitufe
faili la mgonjwa linafunguka bila kuitwa,
nami nilikuwa na usingizi;
nikaziba mto mzima kwa sababu ya chura mmoja.

Niliwahi kuwa wodi.
Mwaka wa tisini na nane, nyumba ya vyumba vitatu, Manyatta,
mama jikoni, baba sebuleni na redio yake,
wiki ya tatu hawasemezani.
Mwambie baba yako mkaa umekwisha.
Mwambie mama yako nimesikia.
Nilipita kwenye ule ushoroba hadi sakafu ikanijua nyayo,
nikiyabeba maneno, mengine nikiyapunguza makali,
mengine nikiyaangusha njiani kwa makusudi.

Jumapili moja mama alichemsha chai ya maziwa,
akatwanga tangawizi, kitu alichokuwa amekiacha tangu ugomvi.
Akasema, bila kunitazama:
"Mwambie baba yako chai iko tayari."
Nje wenzangu walikuwa wananisubiri kwa mchezo wa kati.
Nilisikia. Nikatokea mlango wa nyuma.

Niliporudi utando ulikuwa umetanda juu ya kikombe.
Baba alikuwa amekwishaondoka kwenda Muhoroni, kiwandani,
na tangu hapo alikuwa akija mwisho wa mwezi, kisha Krismasi,
kisha siku ya kumzika mama.

Nilifuta mstari. Faili nikalifungia kwa njia nyingine,
neno nikaliacha lipande.
"Bofya sasa," nikamwambia Khasoa.
Kabla hajajibu nikaisikia kengele, mbali, nyuma ya sauti yake,
na viatu vya mtu vikikimbia kwenye saruji.

Ilikuwa saa saba kasoro. Maji ya beseni yamepoa.
Nikapiga namba ya Muhoroni; wazee hawalali.
"Baba, mama alisema chai iko tayari."

Kimya kirefu, nikakihesabu kama ninavyohesabu seva.
"Alisema lini?"
"Tisini na nane. Jumapili. Mimi ndiye sikukuambia."

Nikasikia kitanda chake kikilia, akijiinua kukaa.
"Ilikuwa na tangawizi?" akauliza.