Kamba ya Kamishna

Nilimpa jina Kamishna kwa mzaha.
Wiki ya pili alikuwa ameshika ofisi:
kochi lake, mlango wake,
nami karani wa kumfungulia geti
kila alipobweka.

Asubuhi Barabara ya Rabai ilituona,
yeye mbele, mimi nikiburutwa,
viatu vikilia kwenye kokoto.
Mama Nekoye wa mayai alihamisha trei zake mapema,
akauliza bila kucheka:
leo nani anampeleka nani?

Nikafoka. Keti! Keti! Nimesema keti!
Neno likachakaa kama noti kuukuu.
Yeye alisikia tu mtu anabweka
upande wa pili wa kamba,
akaamua kunisaidia.

Siku alipoangusha nguo zote za dobi
nilichukua ufagio.
Hakukimbia. Alijilaza, akajikojolea,
macho ameyapeleka ukutani.
Nikasema moyoni, sasa ametii.
Usiku nilipoingia jikoni kunywa maji
aliinuka, akahamia chini ya meza,
akakaa hatua moja zaidi
ya urefu wa mpini.
Alikuwa ameupima.

Shikuku anayeosha magari hana mbwa.
Aliomba kamba, nikampa nione akiaibika.
Kamba ilipovutika, alisimama kama mlingoti.
Ilipolegea, akatembea.
Ikivutika, anasimama.
Neno alisema moja, kwa sauti ya chini,
kisha akangoja
kama mtu anayengoja uji upoe.
Kamishna akageuka. Akaketi. Kwenye matope!

Umemfanya nini?
Sijamfanya kitu, bosi.
Wewe ukitoka hapo getini hujui unaenda wapi.
Naye hajui.
Sasa mmoja lazima aendeshe.

Nilikasirika siku mbili.

Leo lori la taka limepita likinguruma,
manyoya ya mgongo wake yakasimama,
na mkono wangu, mjinga wa zamani,
ukataka kuvuta.
Nimeuacha ulegee.
Nimepumua hadi tumboni.
Nimesema neno moja.

(Kochi bado hatujalijadili.)

Lori limekata kona. Yeye ameinua kichwa
akanitazama, masikio mbele,
anauliza.
Nami niliyefokewa kazini tangu Jumatatu,
ambaye hakuna aliyeniuliza kitu mwaka mzima,
nimesimama hapa na kamba iliyolegea
natafuta uso wa kumjibu.