Ya Ndani Inywe Zaidi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami niliinama, magoti yakalia kama mkate mkavu,
nikalitoa chini ya kitanda chetu bomba la kadibodi.
Ndani, karatasi tatu zilizozoea kujikunja
hata zikakataa kulala mezani.
Nikazikandamiza kwa mawe ya mizani ya duka.

Mwandiko wa Leokadia. Penseli ngumu, mistari kama nywele.
Łoś: ndege ya mabomu, injini mbili, mikia miwili,
iliyopewa jina la mnyama wa misitu yetu
mwenye pembe pana kama viganja vilivyofunguliwa.
Za kweli ziliundwa hapahapa Mielec,
na vita vilipokuja havikuzipa muda wa kuzeeka.
Yeye aliichora ndogo, bawa mita moja na robo,
izunguke duara, imefungwa kwa nyaya mbili
kwenye mkono wa mtu.

Mimi ni mwokaji. Miaka thelathini na minane
kazi yangu uwanjani ilikuwa kuushika mkia
na kuuachia anapotikisa kichwa.
Sikuwahi kuuliza nyaya zinamwambia nini.

Tulimzika Februari. Machi nilianza na mbavu za bawa,
kumi na tatu kila upande, hakuna mbili zinazolingana.
Vumbi la balsa si unga: halitulii, halitaki maji,
linakaa puani kama mgeni asiyejua kuaga.
Ubavu wa saba niliuvunja mara nne.
Mara ya tano nilichemsha chai, nikauacha unishinde,
nikarudi kesho yake na wembe mpya.

Karatasi ya pili, palipo na matangi:
la injini ya nje, thelathini.
La injini ya ndani, thelathini na sita.
Nikacheka peke yangu jikoni. Hata wewe, Leokadia!
Mikate miwili ya bei moja hupimwa uzito mmoja.
Nikayakata yote thelathini, nikajiona fundi.

Septemba, nyuma ya ghala la reli,
Halszka wa jirani akaushika mkia, mahali pangu.
Mafuta ya nyonyo yakaungua, na harufu ile
ndiyo iliyokuwa kwenye nywele zake kila Jumatatu.
Nikatikisa kichwa.

Dunia yote ikawa ukungu wa miti; ndege tu ilitulia.
Raundi ya kumi, injini ya ndani ikakohoa,
ikanyamaza.
Ya nje ikaendelea kusukuma, ikaigeuza pua kunielekea mimi,
nyaya zikalegea. Mkononi hapakuwa na kitu,
kama simu iliyokatika katikati ya neno.
Nikarudi kinyumenyume mbio, nikaanguka kwa makalio,
na anguko hilo ndilo lililozikaza.
Ikaserereka nyasini. Gurudumu moja likaenda zake.

Usiku nilileta lenzi. Pembeni, chini ya doa la kahawa,
herufi ndogo kuliko punje za ufuta:

*Si kosa, Wicek. Najua utasema ni kosa.
Ya nje itangulie kuzima.
Ya ndani inywe zaidi, ibaki ikizivuta nyaya.*

Wicek. Mimi, niliyekuwa wa mkia tu.
Nilikaa hadi saa ya kuwasha tanuri, kisha nikaiwasha.

Tangi jipya nilikata kutoka kopo la kahawa.
Oktoba, raundi ya kumi na moja, ya nje ikazima.
Nikakaza meno. Nikasogeza mguu nyuma.
Lakini pua iligeukia nje kidogo, tu,
na ile moja ikaendelea kwa sauti nyembamba,
ikinivuta bega kama mtoto
anayetaka tutoke dukani.
Raundi mbili na nusu. Nilizihesabu kwa sauti.
Halszka alipiga kelele za kitu nisichokisikia.

Ikatua. Nikabaki nimeushika mpini,
nyaya zimelala kwenye umande.

Gurudumu lile la kwanza hatujalipata.